Jina la Mama Aliyebeba Mrashi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Nilikuwa nimesimama jikoni, katika nyumba iliyokuwa upande wa Deira, hapa Dubai, mikono imezama katika beseni la maji ya uvuguvugu. Nilikuwa kijana, nimetoka Mombasa karibuni, na kanga zangu bado zina harufu ya udi wa mama. Kando yangu alisimama Bi Tausi, mtumishi mkongwe wa nyumba ile. Kazi yetu siku hiyo ilikuwa kuosha vyombo vya kioo vya kabatini. Katika kuosha huko nilimpa jibu moja, jibu sahihi kabisa kwa mujibu wa vitabu, naye akanikemea kwa ajili yake. Nimekaa mbele ya walimu wengi kabla ya siku ile na baada yake, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, lakini kemeo lile la jikoni ndilo ninalotaka kukuachia wewe uliyekuja huku kutafuta riziki.

Wenye nyumba walikuwa watu wa Unguja kwa asili, walioondoka kisiwani miaka ya misukosuko wakaja kuanza upya Dubai. Ndani mlizungumzwa Kiunguja kitamu, na Kiarabu kikitumika wakija wageni wa huku. Mwenye nyumba alikuwa ndiye kafeel wangu, yaani mdhamini wa kibali changu cha kazi. Mkewe tulimwita madam, kama ilivyo desturi ya mji huu. Mama mzazi wa mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Bibi Mkubwa, alikuwa amekwisha kuzeeka, anatembea kwa kushika ukuta, na siku nzima hukaa sebuleni na tasbihi yake na birika la kahawa.

Bi Tausi alizaliwa katika nyumba ya wazazi wa Bibi Mkubwa kule Unguja. Mama yake aliletwa kutoka bara akiwa mtumwa. Sheria ilipomwacha huru hakuwa na pa kwenda, akabaki palepale, akamzaa Tausi, akafariki mtoto angali ananyonya. Tausi akalelewa jikoni na wanawake waliokuwepo, akakua, akatumika. Familia ilipovuka kuja Ghuba, naye akavuka nayo. Hakuolewa, wala hakuwa na ndugu. Watoto wa nyumba walimpenda na kumwita Bi Tausi kwa adabu, lakini sahani yake ilibaki jikoni.

Sasa nikueleze vyombo vyenyewe, kwa sababu huenda nawe umeajiriwa katika nyumba yenye kabati kama lile, ukalipangusa kila siku bila kujua unapangusa nini. Palikuwa na bilauri nyekundu zenye kingo za dhahabu, vibakuli vya buluu vya kutilia halua, na mirashi, yale machupa ya shingo ndefu nyembamba ya kunyunyizia wageni marashi ya mawaridi. Vilitengenezwa mbali sana, katika nchi za baridi kule Ulaya, lakini vilitengenezwa kwa macho ya watu wa huku. Fundi wa kule hakupata kurashiwa maishani mwake, ila aliambiwa kwamba wanunuzi wa mashariki wanapenda dhahabu, buluu na maua mengi, naye akafanya hivyo. Mizigo ikashuka Unguja, ikanunuliwa kwa fedha za karafuu. Na hizo karafuu zilichumwa kwa mikono ya nani, hilo huna haja ya kuambiwa.

Shamsa, binti wa madam, ambaye siku zile hakuwa hata amezaliwa, aliwahi kunisomea habari hizi katika simu yake. Alinisomea kwamba vioo vile vilipulizwa katika vijiji vya msituni, palipokuwa na kuni nyingi za matanuri. Wanaume walipuliza kwa bomba la chuma mpaka mashavu yao yakalegea kama mifuko mitupu. Watoto wadogo walibebeshwa vyombo vya moto kuvipeleka mahali pa kupozea. Waliosugua nakshi walivuta vumbi la kioo, wakafa na vifua vyao wangali vijana. Wanawake walipaka dhahabu majumbani mwao, wameketi dirishani ili wapate mwanga, na ujira wao ulihesabiwa kwa kila kipande. Nikamwuliza Shamsa kama kuna majina yao. Akanijibu kwamba yapo majina ya baadhi ya wenye viwanda, na ya waliopaka hayapo, hakuna aliyetia saini. Nikamwachia jambo lao Yule aliyewaumba, maana Yeye hakupotelewa na jina la hata mmoja.

Lakini siku zile za Deira sikujua lolote katika hayo. Mimi niliona vyombo vya kuosha tu.

Kila Ramadhani ilipokaribia, Bi Tausi alivitoa kabatini vyote. Alinifundisha kutandika taulo ndani ya beseni ili kioo kisigonge plastiki, kuvua pete na bangili, na kuosha kimoja kimoja. Penye dhahabu hapakuguswa kwa sabuni. Vilifutwa kwa kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya kope. Nikienda haraka hunipiga kibao kidogo begani na kusema, "Wee, hivyo si sufuria."

Siku ile alikuwa ameshika mrashi mmoja wa buluu. Akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha upande mmoja wa tumbo lake, mahali ambapo maua ya dhahabu yalikuwa yamefutika, kumebaki kioo kitupu chenye umbo la dole gumba. Akaniambia kwamba mama yake ndiye aliyekuwa akiubeba mrashi ule. Wageni walipokaa safu kwa safu katika maulidi na harusi, yeye ndiye aliyepita akiwarashia mikononi na vichwani, harusi baada ya harusi, mpaka kidole chake kikaila dhahabu. Wala hakuna mgeni aliyemtazama usoni, kwani mtu anaporashiwa hufumba macho. Bi Tausi naye aliurithi mrashi huo kwa kuubeba. Akaweka dole gumba lake palipofutika, likaenea sawasawa.

Mimi nilikuwa binti wa mwalimu wa chuo cha Kur'ani, nimekhitimu mapema, na huku ugenini Kur'ani ndiyo iliyokuwa mali yangu pekee. Nikamwambia kwamba Ramadhani hiyo nilikusudia kusoma khitma na kuwapelekea thawabu marehemu wetu, kwa hiyo anitajie na wake. Akaendelea kufuta kioo. Halafu akasema nimsomee mwenye mrashi. Nikamwuliza jina lake nani. Akasema hajui.

Akanieleza taratibu, macho yake kwenye beseni. Mama yake hakuwahi kutajwa kwa jina mbele yake. Walisema tu marehemu wa mirashi, au mamako Tausi. Wale wanawake wa jikoni waliomlea walikufa kabla hajapata akili ya kuuliza. Ujanani hakujali. Uzee ulipoanza, jambo lile likaanza kumtembelea.

Huenda hujui, mwanangu, kwa hiyo nikufahamishe. Kwetu pwani mtu akishazikwa, husomewa talqini. Msomaji huketi penye kichwa cha kaburi, akamwita maiti kwa jina lake na jina la mamake, akamkumbusha majibu atakayowajibu malaika. Najua wapo wanaoona isisomwe, wala sitaki kugombana na mtu kwa hilo. Nasema tu ndivyo tulivyolelewa. Bi Tausi alikuwa amesikia talqini za watu wengi zikisimuliwa, na hofu yake ilikuwa moja. Siku ile udongo utakapomfunika na watu waanze kuondoka, ataitwa Tausi binti nani?

Ndipo nilipompa lile jibu langu.

"Usijitie simanzi, Bi Tausi," nilimwambia. "Asiyejulikana mamake huitwa mwana wa Hawa. Vitabuni imo. Sote ni watoto wa Hawa."

Aliweka chombo juu ya taulo. Akakung'uta vidole. Hakupandisha sauti.

"Hilo la Hawa ni la mtu aliyekosa wa kumuuliza," alisema. "Mie wa kumuuliza yupo sebuleni, anakunywa kahawa. Wee mwanachuoni unanifungia mlango kwa kitabu, halafu unaniambia nisijitie simanzi?"

Nilisimama pale na maji yakinidondoka viwikoni. Nilichosema kilikuwa kweli, na kweli yenyewe haikuwa imemsaidia kitu. Mtu alinionyesha kidonda nami nikamtajia jina la dawa, nikaendelea na kazi.

Basi kwa nini yeye mwenyewe hakumwuliza Bibi Mkubwa, ambaye alikuwa amemtangulia kwa umri na kukulia nyumba ileile? Kwa sababu katika nyumba ile neno utumwa halikutamkwa. Walisema watu wetu, walisema waliokuwa wakikaa nasi, walisema enzi zile. Wote walilitembea pembeni neno hilo kama mtu anavyopita kando ya aliyelala. Kuuliza jina la yule mama kulikuwa sawa na kuuliza amefikaje pale, na nani alimleta, na kwa bei gani. Bi Tausi alikuwa na chumba, chakula na heshima ya aina yake, na hivyo vyote vilikuwa mikononi mwa anayeulizwa.

Na muda ulikuwa unakwisha. Bibi Mkubwa alikuwa amedhoofika, na ilikwisha kuamuliwa kwamba baada ya Idi angehamia Maskati kwa binti yake mkubwa. Kila mtu nyumbani alijua kwamba akishaondoka hatarudi.

Ujana una haraka yake. Badala ya kukaa na lile kemeo, niliona nilirekebishe siku hiyohiyo. Nilipopeleka kahawa sebuleni alasiri, nikapiga magoti mbele ya Bibi Mkubwa, nikamwuliza kwa adabu zote nilizofunzwa kama anamkumbuka mama yake Bi Tausi, na jina lake lilikuwa nani. Kikombe kikasimama hewani. Akaniuliza nani kanituma. Nikasema hakuna. Akaniambia niondoe sinia.

Jioni madam aliniita barazani. Hakuwa mtu mbaya, Mungu anajua, na amenitendea wema mwingi tangu hapo. Lakini siku hiyo aliniambia kwamba mama mkwe wake amekataa chakula, kwamba nimekuja kufanya kazi na si kufukua mambo ya watu, na kwamba neno hilo likirudi tena nitakatiwa tiketi. Akasema khalas, akageuka.

Nikaenda jikoni nikitegemea faraja kwa Bi Tausi. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Nilikutuma?" aliniuliza.

"Hukunituma."

"Basi ulikwenda kwa miguu ya nani?" Akatikisa kichwa. "Nilikwambia nina wa kumuuliza. Sikukwambia uniulizie. Jambo la mtu halibebwi kama sinia la kahawa, wee."

Hapo ndipo nilipoujua upweke wa mji huu, mwanangu. Upweke wa huku si wa kukosa watu. Nyumba ilijaa watu, simu inalia, watoto wanakimbia ngazini. Bibi Mkubwa hakupokea tena kikombe kutoka mkononi mwangu. Madam alinipa kazi kwa maneno mafupi. Bi Tausi aliketi kwenye mkeka uleule niliokalia mimi, akafuturu tende zilezile, lakini uso wake umeelekea mlangoni. Nilikuwa na chumba kidogo nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, na nilipomaliza tarawehe yangu peke yangu humo nilisikia maji yakishuka bombani, nikafikiri, nikifa hapa leo, kuna mtu katika nyumba hii anayejua mama yangu anaitwa nani? Katika pasipoti yangu, iliyofungiwa kabatini kwa kafeel, lilikuwemo la baba tu. Nilijijibu mwenyewe. Hakuna.

Nashukuru kwa Ramadhani ile. Sikuishukuru wakati ule, nilihesabu tu imenichosha. Lakini ndiyo iliyonifanya nielewe upweke aliokuwa nao Bi Tausi maisha yake yote, ambao mimi nilikuwa nao kwa mwezi mmoja tu.

Ikaja wiki ya mwisho ya Ramadhani. Bibi Mkubwa alitaka kuchagua vyombo vichache vya kwenda navyo Maskati, na badala ya kuagiza vipelekwe sebuleni, alikuja jikoni mwenyewe, akishika ukuta. Nadhani hakuwa ameingia jikoni mle kwa muda mrefu sana. Mimi na Bi Tausi tulikuwa tunavifunga kwa magazeti. Nikamsogezea kiti, nikataka kutoka. Bi Tausi akanishika mkono nibaki.

Bibi Mkubwa alichagua bilauri mbili tatu. Akaukodolea macho ule mrashi wa buluu uliokuwa mkononi mwa Bi Tausi. Bi Tausi hakuuweka chini wala hakumpa.

"Bibi," alisema, "wewe unakwenda zako, na mie sitakuona tena. Nimekutumikia tangu sijui kusema. Sijakuomba kitu. Mama yangu alikuwa nani?"

Nilitazama sakafu. Friji ilinguruma, ikazima. Nilidhani Bibi Mkubwa atasimama aondoke kama alivyonifanyia mimi. Lakini alikaa, mikono juu ya magoti, na aliposema alisema kwa sauti nyembamba, kama ya mtoto anayesoma mbele ya mwalimu.

Alisema kwamba yule mama ndiye aliyekuwa akiwasuka nywele wao watoto wa nyumba. Wakubwa walimpa jina la maua, kama walivyowapa wengine, naye akaliitikia. Lakini alipokuwa peke yake na watoto, huku kitana kikipita kichwani, aliwaambia kwamba ana jina la kwao, na aliwaomba wamwite kwalo pale ambapo hakuna mkubwa anayesikia. Watoto wakaona ni mchezo mzuri. Wakawa wanamwita, naye kila akiitwa hufurahi mpaka anacheka. Siku moja Bibi Mkubwa, mdogo wakati ule, akajisahau, akamwita hivyo mbele ya mama yake. Alipigwa yeye, na yule mwanamke alipigwa zaidi. Tangu hapo hakuthubutu kulitamka.

"Nimelificha mpaka nimezeeka," alisema Bibi Mkubwa. "Kila nikikuona unapita na mrashi, linanijia mdomoni. Nambewe. Jina lake Nambewe."

Bi Tausi hakulia. Aliuweka mrashi mezani kwa uangalifu wake uleule, akajifuta mikono kwa kanga.

"Sema tena," alimwambia.

"Nambewe."

"Tena."

Akalisema mara nyingine. Bi Tausi akalirudia mwenyewe, polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Bibi Mkubwa akausogeza ule mrashi kuelekea kwake, akamwambia auchukue, ni wake. Bi Tausi akaucheka.

"Nikauweke wapi, Bibi? Juu ya godoro? Nenda nao. Mie nimeshapata changu."

Kisha akanigeukia na kuniambia nilete magazeti mengine, maana kazi ilikuwa bado. Tukaendelea kufunga, sote watatu, na Bibi Mkubwa akishika mwisho wa kamba. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno. Nimefikiri sana juu ya hilo, na simhukumu mtu. Wamekwishakwenda wote mbele ya Anayejua yaliyomo vifuani.

Bibi Mkubwa alifia Maskati. Bi Tausi aliishi miaka kadhaa baada yake, nami nikabaki naye. Hakunikemea tena, ila kwa sabuni kwenye dhahabu. Alikuwa na tabia mpya. Alipokuwa peke yake akiosha au akichambua mchele, nilimsikia akilitamka jina lile kwa sauti ya chini, halafu anatulia, kama mtu aliyebisha hodi na anasikiliza. Kila Ramadhani niliposoma khitma, alinikumbusha, "Umemtaja?" Nami nilikuwa nimemtaja.

Alipofariki ilikuwa asubuhi, kwa ugonjwa mfupi. Huku mambo ya maziko huenda haraka, na wanawake hatuendi makaburini. Alikwenda mwenye nyumba na wanawe, na Kaka Bakari, dereva wa nyumba, mtu wa Mombasa kama mimi. Nilikuwa nimemwomba Kaka Bakari amsomee talqini. Nilikuwa nimesimama karibu na mashine ya kufulia, wageni wa taazia wamejaa sebuleni wanahitaji chai, simu ikaita. Kaka Bakari alikuwa amebaki nyuma, wenzake wameshaelekea magarini. Alizungumza chini kwa chini, kwa sababu desturi ya watu wa hapa si hiyo, na hakutaka kumwudhi mtu.

"Dada," alisema, "bi huyu namwita binti nani?"

Nikamwambia Tausi binti Nambewe. Akaniomba nilirudie, kwa kuwa hajawahi kulisikia. Nikalirudia herufi kwa herufi. Akasema haya, nimelipata, na simu ikakatika. Baadaye alinisimulia kwamba vibarua kutoka nchi nyingine, waliosimama kwenye kaburi la jirani, walimsikia akiita, wakaja wakasimama naye wakainua mikono, bila kujua ni nani. Nami nilirudi kuchukua birika. Nilimimina chai, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nalia, maana katika taazia kilio hakina maswali.

Miaka imepita mwanangu, na sasa mimi ndiye mkongwe. Tulihama Deira, tukaja Mirdif. Madam naye amezeeka, amefiwa na mumewe, ameniweka kama mtu wa kukaa naye kuliko wa kumtumikia, na kwa hilo simwombei ila kheri. Shamsa ameolewa, yuko kwenye ghorofa ndefu kule Marina, na vyombo vyote vya kioo vilivyobaki viko kwake, vimewekewa vitaa vidogo chini yake. Wageni wake huvisifia. Huuliza umri wake na kama ni vya asili. Nikienda kumtembelea, ananiomba nivioshe mimi, haamini mikono mingine, nami huviosha.

Alasiri za siku zangu ni ndefu. Ndege hupita juu ya nyumba, moja baada ya nyingine, zikileta watu na kuwapeleka. Madam hulala. Kaka Bakari alirudi Mombasa, akafariki huko. Mitaa ya Mirdif haina watu wanaotembea, magari tu, na nyuma ya kila ukuta kuna msichana kama wewe katika chumba kidogo, anaongea na nyumbani kwa simu mpaka salio liishe, kisha kimya. Baadhi yenu hunijia Ijumaa tukasoma pamoja. Wengi wenu, waajiri hawawaruhusu. Nyumba ya pili yupo msichana wa Tanga, na ulipita mwaka mzima nikimsikia akiitwa nanny na watoto, nikimsalimu kwa mkono kupitia geti. Hata mimi, pamoja na yote niliyoyaona. Siku moja nikamgongea, nikamwuliza jina lake na la mamake. Aliketi kwenye ngazi akaniambia, na hakuacha kuniambia mengine mpaka akaitwa ndani.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukijaliwa elimu, usiitumie kumalizia mazungumzo. Mtu akikuletea jambo lake zito nawe unalo jibu, lishike kwanza, mwangalie usoni, umwulize anataka nini. Jibu sahihi linaweza kuwa njia yako ya kukimbia. Wala usikimbilie kumfanyia mtu lililo lake kabla hajakutuma, kama nilivyofanya mimi nikaongeza tabu juu ya tabu. Kaa naye mpaka apate miguu yake.

Ukiwa unalo jambo la kumwuliza mzee wako, jina, kisa, kaburi la mtu liko wapi, mwulize angali sebuleni. Usiogope kwamba litaumiza. Litaumiza, ndiyo, na baadaye mtafunga vyombo pamoja.

Na kila chombo kizuri utakachokishika katika nyumba za watu, ujue kilipita katika mikono iliyochoka, mingine imekufa bila kutajwa. Usikiinamie kwa kutamani wala usikidharau. Kioshe vizuri, ukawaombee waliokitengeneza na waliokibeba lililo la kheri, kwa namna inayofaa. Halafu mtafute aliye karibu nawe, wa jiko moja au wa ukuta wa pili, umwambie jina lako na la mama aliyekuzaa, nawe uyachukue yake. Katika mji huu wa kuja na kuondoka, hiyo ndiyo amana tunayoweza kuwekeana.

Mimi naitwa Mwanaisha binti Rukia. Umenisikia, unihifadhie.

Mwenyezi Mungu akulinde katika nyumba uliyomo, aifanye laini mikono inayokuamrisha, akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima na imani yako nzima. Asikuache ukae miongoni mwa watu bila mtu anayekujua, na siku utakapoitwa, uitwe kwa jina lako, uitike bila hofu. Amin.